Fundo la Kamba ya Sita

Mlioniaga mwezi uliopita mliniomba niwaachie maandishi kuhusu stoo ya makumbusho: namna ya kupambana na nondo, kufuli lipi linakwama wakati wa mvua, sanduku lipi lisibebwe na mtu mmoja. Hayo nimeyaandika kwenye karatasi mbili na kuzibandika nyuma ya mlango. Haya ni mengine. Nimeyaanza mara tatu na kuyachana mara mbili, kwa hiyo mkikuta mstari umefutwa, jueni mkono ulisita.

Nilifika pale miaka michache baada ya vita. Nilizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, kwa wazazi waliokuwa wakimbizi kutoka Rwanda, na niliporudi Kigali nilikuwa na cheti cha ushonaji, Kiswahili cha shule, na Kinyarwanda kilichowachekesha wauza ndizi. Makumbusho yetu yalikuwa vyumba vitano chini ya bati linalovuja. Nilipoambiwa nitasaidia upande wa vitambaa, nilidhani nitashona mapazia.

Aliyenipokea alikuwa Mzee Sudi, mtunza stoo. Alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa Biryogo, mzaliwa wa pale pale kwenye vichochoro vya nyuma ya msikiti. Makumbusho yalikuwa yamemwita kwa siku mbili tu, aitilie bitana nguo moja kuukuu ya magome, na hakuna aliyekumbuka kumwambia aondoke. Siku yangu ya kwanza alinipeleka bombani, akanisimamia nikinawa, kisha akaniambia nikae kwenye benchi na kuweka mikono mapajani mpaka ikauke yenyewe.

"Mikono yako iko na mafuta ya chapati," alisema.

"Sijala chapati, Mzee."

"Basi iko na mafuta ya ngozi. Nondo hajui tofauti."

Nilikaa vile asubuhi nzima. Siku ya pili akaniruhusu nishike kibano, na mwisho wa juma nikaruhusiwa kushika kitu kwa hicho kibano.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache, na vingi bado mnavyo: kibano, brashi laini, sindano nyembamba, kioo cha kukuzia, na jora la marekani lililochemshwa mara tatu kuondoa wanga. Kila kitu cha nyuzi kilifungwa ndani ya marekani. Kama mnajiuliza jina hilo lilitoka wapi, ni kwa sababu zamani kitambaa hicho kililetwa pwani kutoka Marekani. Mzee Sudi aliona kinaifaa hasa droo ya chini kabisa, maana vitu vyake vilitoka upande huohuo wa dunia. "Wamelala na ndugu yao," alisema.

Niwaeleze droo hiyo, kwa sababu wengi wenu hamkuwahi kuifungua, na kosa hilo ni langu. Kulikuwa na bruda mmoja Mzungu aliyefundisha shule ya misheni hapa Rwanda. Kabla ya kuja huku alikuwa ameishi miaka mingi milimani, Peru, Amerika ya Kusini. Alipofariki, sanduku lake la bati lililetwa kwetu. Ndani yake mlikuwa na vyungu vitatu, kibuyu chenye michoro, mfuko mdogo wa kufumwa, na furushi la kamba. Wageni walikuja kuona ngoma na vikapu vyetu. Hakuna aliyeulizia vitu vya Peru.

Kamba zenyewe zilikuwa hivi. Moja ilikuwa nene, ndefu kama mikono miwili iliyonyooshwa. Kutoka kwenye hiyo zilining'inia kamba nyembamba kumi na moja za manyoya ya mnyama, nyingi za kahawia, chache nyeupe, moja nyekundu iliyopauka. Kila moja ilikuwa na fundo karibu na ncha. Kadi yake ilikuwa na maneno mawili kwa Kifaransa, kamba na Amerika, basi. Mzee Sudi alidhani ni sketi ya kuchezea ngoma. Mimi nilidhani ni pambo la kumvalisha mnyama. Tulibishana juu ya hilo miaka miwili, bila haraka.

Sasa nifike kwenye friza. Dawa ya nondo isiyoharibu kitu ni baridi. Kila mwanzo wa mvua vitu vya manyoya tulivitia kwenye mifuko ya nailoni, tukaifunga vizuri, tukaiacha ndani ya friza wiki mbili ili mayai yafe. Friza yetu tulipewa na mtu aliyekuwa akiuza aiskrimu akaacha, na ilikuwa bado na picha ya mtoto anayecheka ubavuni. Mwaka mmoja mvua zilipoanza nilitia furushi la Peru, nikahakikisha taa nyekundu inawaka, nikaenda zangu. Tulikuwa na sikukuu katikati, na umeme ulikuwa ukikatika sana. Wiki mbili zilipoisha nilifungua friza nikakuta baridi hafifu tu. Taa ilikuwa inawaka, lakini barafu yote ilikuwa imeyeyuka na kuganda upya upande mmoja tu, ishara kwamba ilizimika siku nyingi ikawashwa baadaye. Ndani ya mfuko viwavi walikuwa wameanguliwa na kula.

Nyingi za kamba zilikuwa zimepona. Ya sita, ya kahawia, ilikuwa imekatika vipande vitatu, na imekatika palepale kwenye fundo.

Mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho kutoka stoo siku ile nilipozitia. Niliamini nimeulegeza waya kwa mguu bila kujua, ukawa unashika na kuachia. Nilikuwa mgeni kazini, mdogo wangu alikuwa ananitegemea, na mkuu wetu wa wakati ule alikuwa mtu wa kufukuza kwanza na kuuliza baadaye. Mzee Sudi alikuwa amenifundisha sheria mbili za kutengeneza. Ya kwanza, tengeneza kwa uzi wa rangi tofauti, ili atakayekuja baada yako aone mkono wako uliishia wapi. Ya pili, andika kwenye rejesta. Nilivunja zote mbili ndani ya saa moja. Nilichomoa uzi wa kahawia kwenye sweta yangu, nikaupitisha ndani ya vipande ili viungane, nikalifunga fundo upya. Lilikuwa fundo refu, la kuzungusha uzi mara kadhaa kabla ya kuuvuta. Sikuhesabu mizunguko. Nilipima kwa jicho, kama mtu anavyopima pindo la sketi. Lilikaa vizuri sana. Kwenye rejesta niliandika: "Hali nzuri."

Miaka ikapita bila neno, nikaanza kusahau. Ndipo akaja profesa mmoja kutoka ng'ambo. Alikuwa akipita Kigali kwa shughuli nyingine, akasikia tuna vitu vya Peru. Aliwahi kufundisha Dar es Salaam, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko changu. Nilimtandikia marekani mezani nikamwekea zile kamba.

"Unajua hii ni nini, mama?" aliniuliza.

"Pambo la mnyama," nilisema, maana Mzee Sudi hakuwepo kunipinga.

"Ni maandishi. Inaitwa kipu." Akavuta kiti. "Wainka waliitawala milima ile yote. Walijenga barabara, maghala, miji ya mawe, na hawakuwa na kalamu wala karatasi. Hesabu zao na habari zao zilifungwa kwenye kamba, na wakimbiaji walizipokezana njiani. Wahispania walipoingia walizichoma nyingi. Lakini vijijini watu waliendelea kuzifunga, vizazi na vizazi. Hii nadhani ni ya kijiji."

Akanionyesha kwa ncha ya penseli, bila kugusa. Fundo refu linasomwa kwa mizunguko yake. Mizunguko minne ni nne, mizunguko saba ni saba. Akafungua daftari akaanza kusoma kwa sauti huku akiandika. Kamba ya nne, saba. Kamba ya tano, tatu. Alipofika ya sita aliinama zaidi, akahesabu polepole.

"Tano," alisema, akaandika.

Nilikuwa nimeshika trei ya vibano. Niliiweka chini. Nilikuwa na nafasi ya kusema pale pale, sisi wawili tu, na mtu mpole mbele yangu. Nilimuuliza kama angependa chai.

Kuanzia siku hiyo nilikuwa mtu mwingine kazini. Nilikuwa nimeharibu maandishi ya watu, na maandishi yenyewe yalishakopiwa kwenye daftari yakaenda ng'ambo. Droo ya chini niliiwekea maboksi matatu mbele yake. Mgeni akiuliza habari za Amerika nilimpeleka kwenye ngoma. Jioni nilikuwa nafika nusu ya njia ya Gatsata, ninakoishi, nageuka kurudi kuangalia kama friza imechomekwa, kisha nikifika nyumbani najiuliza kama niliangalia kweli au nilidhani tu nimeangalia. Mlikuwa mkiniita Mama Kufuli. Nilisikia. Mlidhani navipenda sana vitu vile, kumbe nilikuwa navilinda visiseme.

Mzee Sudi alistaafu, nikabaki na funguo. Ya katikati nayaruka, kwa sababu yalikuwa kazi tu.

Miezi michache kabla ya zamu yangu ya kustaafu, kulikuwa na mkutano hapa Kigali wa wakulima wanaotunza mbegu za asili. Mkurugenzi wetu aliniita akaniambia kuna mjumbe kutoka Peru, mama wa kijijini, amekuja kuzungumzia viazi, na ameomba kuona kamba. Alilisema neno "kamba" kama mtu anayesema "ndoo."

Walikuja kesho yake asubuhi. Mama mwenyewe aliitwa Bi Fortunata, jina la shangazi yangu wa Karagwe, jambo lililonitisha bila sababu. Alikuwa wa umri wangu, mfupi, mwenye kofia ya duara na sketi zilizovaliwa moja juu ya nyingine. Lugha yake ni Kikechua, na anajua Kihispania. Mkalimani wake alikuwa Claudine, binti wa hapa anayefanya kazi hospitalini kule Kibagabaga. Alisomea udaktari Kuba, na nadhani ndiye pekee waliyempata anayejua Kihispania na mwenye asubuhi mbili za mapumziko. Mkurugenzi, aliyekulia Kampala, alisimama mlangoni akitabasamu.

Bi Fortunata aliuliza bomba liko wapi. Alinawa, akasimama na mikono hewani mpaka ikakauka. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Nikajua nimepata mtu asiyedanganyika.

Alitoa kwenye mfuko wake daftari la shule lililofungwa kwa nailoni, na simu yenye picha ya kamba nyingine, ndugu kabisa na yetu. Akaeleza, na Claudine akatufasiria. Kijiji chao kina nusu mbili, nusu ya juu na nusu ya chini. Zamani, siku ya kusafisha mfereji wa maji, kila nusu ilikuwa na mtunza kamba wake, na kila mmoja alifunga hesabu ya kijiji kizima kwenye kamba yake mwenyewe, kisha wakazilinganisha mbele ya watu ili asiwepo wa kudanganya.

"Ni kama umuganda, Tantine, vile mtaa mzima hutoka kufagia," Claudine aliniambia pembeni, akiniita shangazi kwa Kifaransa. "Kila uzi iko familia. Fundo iko watu waliotoka kufanya kazi siku hiyo."

Kamba ya nusu ya chini bado iko kijijini. Ya nusu ya juu aliiazima bruda mmoja aichore, akahamishwa nayo. Bibi yake Bi Fortunata aliitaja mpaka anakufa. Halafu orodha ya profesa ilimfikia mwalimu wa kijiji, naye akailinganisha na kamba yao. Kumi ziliafikiana. Moja haikuafikiana. Wazee wakamwambia Bi Fortunata, kwa kuwa anakwenda Afrika kwa ajili ya viazi, akahesabu kwa macho yake, maana labda profesa alikosea.

Nilifungua marekani. Alihesabu kimya, midomo ikicheza. Kwenye kamba ya sita alisimama. Akahesabu tena. Akainama kama alivyoinama profesa.

"Tano," Claudine alifasiri, ingawa nilikuwa nimelijua neno hilo usoni mwake. Kisha Bi Fortunata akasema jambo refu kidogo, akitazama kamba na si sisi. "Anasema hii ya sita iko familia ya bibi yake. Kwa kamba ya kwao walitoka watu sita. Hapa tano. Anauliza, nani hakuja?"

Sisi wa hapa tunajua kuhesabu watu wa nyumba moja na kukuta mmoja hayupo. Niliona Claudine naye ametazama chini.

Bi Fortunata alifunga daftari lake. Wazee walikuwa wamemwambia kwamba kama si sawasawa, basi ni kamba ya kijiji kingine, na si vizuri kudai watu wa wengine. Alishukuru, akasema atapita kesho asubuhi kupiga picha ya mwisho kabla ya ndege yake.

Walipoondoka, Mkurugenzi alinisaidia kufunga droo. "Mama, mimi naona hii imeisha," alisema. "Iko ya kijiji kingine. Tunabaki nayo, tunaandika kibao kizuri." Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amefurahi tu kwamba hakuna barua ya kuandika.

Mchana huo niliomba ruhusa nikatembea kwa miguu mpaka Biryogo. Mzee Sudi sasa haoni vizuri. Nilimkuta barazani kwake, karibu na mafundi waliochukua nafasi yake, akisikiliza cherehani zao na kuzikosoa. Mkwewe alituletea chai. Nilimwambia yote: friza, viwavi, sweta, fundo, profesa, mama wa Peru. Nilizungumza haraka nikiogopa kusimama.

Aliweka kikombe chini, akasema, "Friza nilichomoa mimi."

Nilidhani hakunisikia.

"Ilikuwa Idi. Nilitaka kunyoosha kanzu. Soketi ilikuwa moja, nikachomoa friza nikachomeka pasi. Nikasahau. Niliporudi sikukuu imeisha nikachomeka."

"Na fundo?"

"Mushono wako ninaujua kama sauti yako. Nilifungua droo wiki iliyofuata nikaona. Lakini ningekusema wewe, ingebidi niseme na pasi."

Nilikasirika kiasi cha kushindwa kumaliza chai. Miaka yote ile nilikuwa nimebeba waya nisiougusa. Lakini nilipotafuta maneno ya kumwambia, niliona kwamba yote yalinifaa na mimi. Waya ulikuwa wake. Fundo na rejesta vilikuwa vyangu.

"Kesho utasema?" aliniuliza.

"Sijui, Mzee."

"Ukisema, sema na pasi."

Asubuhi nilifika kabla ya mlinzi kufungua geti. Nilitandika marekani, nikaweka kamba, nikaweka kioo cha kukuzia. Walipoingia, wote watatu, sikumngoja mtu aketi.

"Fundo la kamba ya sita nililifunga mimi," nilisema.

Claudine hakufasiri. "Tantine, unataka niseme hivyo?"

"Hivyo hivyo. Mwambie lililiwa na nondo, mimi nikalifunga upya, nikaficha. Mwambie nilimsikia profesa akisema tano nikanyamaza."

"Mama," Mkurugenzi alisema kwa sauti ya chini, "tuongee kwanza ofisini."

"Nikiingia ofisini sitatoka nalo tena."

Claudine akafasiri. Nilimwangalia Bi Fortunata akipokea maneno, sentensi moja baada ya nyingine. Hakukunja uso. Aliuliza swali moja: kabla ya kukatika, mizunguko ilikuwa mingapi?

Hilo ndilo nililoliogopa zaidi ya kufukuzwa. "Sijui," nilisema. "Sikuhesabu."

Alichukua kioo cha kukuzia akaitazama kamba ya sita kwa muda mrefu. Akasugua ncha ya kidole juu ya ule uzi wangu, akasema neno, na kwa mara ya kwanza nikaona kama tabasamu. "Anasema huyu iko kondoo," Claudine alisema. "Hizi zingine ziko lama, mnyama wa kwao. Lama inang'aa ndani. Anasema jana angeangalia na kioo angekukamata."

Kisha akachomoa uzi kwenye shali yake akanipa. Alitaka nifunge fundo lile, macho yamefumbwa, kama nilivyolifunga siku ile. Nilifunga. Akahesabu: tano. Akanipa tena: sita. Mara ya tatu: tano.

"Mkono haujui," alisema kupitia kwa Claudine.

Nilimwomba radhi. Sikujua niseme mama au bibi au nini, nikasema dada. Alisikiliza, akajibu polepole, na Claudine akachagua maneno kwa uangalifu. "Anasema yeye peke yake hawezi kukusamehe, kwa sababu kamba si yake peke yake. Anasema kwao mtunza kamba husimama nayo mkononi na kuisemea mbele ya watu. Kamba bila mtu wa kuisemea ni uzi tu. Anataka useme kwa simu, awapelekee."

Kwa hiyo nilisimama na trei mikononi, kamba juu yake, nikaisemea mbele ya simu kwa Kiswahili, kwa ajili ya watu ambao pengine hawajawahi kukisikia. Nilisema niliyofanya na nisiyoyajua. Nilisema na pasi. Claudine alirudia kwa Kihispania. Bi Fortunata alinishika mkono kwa kifupi, kama mtu anayepima joto, akaenda kupanda ndege.

Mkurugenzi aliniandikia barua ya onyo, ya haki kabisa. Funguo zikahamia kwa mwingine, nami nikapelekwa mapokezi kuandika majina ya wageni. Mliambiana ni magoti. Haikuwa magoti. Wiki zile ndizo zilizokuwa mbaya kuliko zote, kwa sababu nilikuwa nimeshasema na hakuna aliyejibu. Nilikuwa nashtuka kila simu ya Mkurugenzi ikilia. Nilijiambia kwamba wamekasirika. Kisha nikajiambia kwamba mwisho wa yote nimewaharibia, maana sasa hata yule ambaye angeamini kamba ni yao atasema imechezewa.

Jibu lilikuja kama barua, ikiwa na sahihi nyingi na alama nyingi za vidole gumba. Mkutano wa kijiji ulikuwa umeisikiliza simu mara mbili, nusu zote mbili zikiwepo. Waliitambua kamba kuwa yao na kuomba irudi, pamoja na kosa lake. Mkurugenzi alipeleka barua hiyo kwenye bodi, na aliitetea vizuri. Hilo lazima niliandike. Ilipokubaliwa aliniita kutoka mapokezi, akiwa na aibu kidogo, kwa sababu hakukuwa na mwingine aliyejua kuifunga kwa safari. Niliilaza kwenye marekani, kila kamba na kitanda chake. Halafu nikajaza fomu ya hali yake. Ilichukua kurasa mbili. Mkurugenzi aliisoma akasimama kwenye mstari mmoja.

"Hii ya pasi iko lazima?"

"Ni lazima."

Akaweka sahihi.

Wiki iliyopita, nikiwa nyumbani Gatsata nachambua maharage, Claudine alinipigia. Bi Fortunata alikuwa amemtumia ujumbe wa sauti, na alitaka kunifasiria mwenyewe. Kamba zimelazwa pamoja kwenye meza ya shule yao. Watu wamesoma familia kumi na moja kwa sauti, na kwenye ya sita wamesema sita. Kuna waliotaka fundo langu lifunguliwe na kufungwa upya ipasavyo. Wengi walikataa, wakasema hiyo ingekuwa kunyamaza mara ya pili. Litabaki lilivyo, na atakayeisoma kamba ile itabidi aeleze.

"Sasa wanataka jina," Claudine alisema. "Lako na la baba yako. Anasema aliyefunga lazima atajwe."

"Mukandori," nilisema. "Binti wa Ngarambe. Wa Karagwe, kisha Kigali."

"Mukandori kwa r au kwa l?"

"Kwa r."

Nilimsikia akiandika. Akanisomea. Nikamwomba anisomee tena, herufi moja moja, nami nikahesabu.